Bomba Linaloshuka Kwetu

Jakobsberg, Stockholm
Mwezi wa Mei

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeitamka kwa sauti hapa mezani nikiwa peke yangu, maana shikamoo ya kuandikwa bila kutamkwa naiona kama ugali bila mboga. Goti lako la kushoto linasemaje? Viazi vya bondeni mmeshachimba? Na yule ng'ombe mkorofi aliyemkanyaga Benedikto, amezaa au bado anaringa? Sisi huku hatujambo. Mimi mzima, na Tekla mzima. Meno ya mbele yamemtoka, sasa anacheka kafunika mdomo kwa kiganja, vilevile unavyocheka wewe ukiwa kanisani. Hakuna aliyemfundisha.

Huku majani yamechipua. Watu wamevua makoti, wanakaa kwenye ngazi za stesheni wamefumba macho na kuligeuzia jua nyuso zao, hata waliovaa suti. Ukiwaona utadhani wanasali. Baridi imetutoka, Mama, na najua ilikohamia. Njombe sasa ndiyo inaanza kuonja, na Juni na Julai ndiyo zenyewe. Ndiyo sababu naandika.

Ningeweza kupiga simu. Lakini kwenye simu wewe hunishinda. Nikianza jambo usilolipenda unaniuliza nimekula nini, na nikiendelea mtandao unakatika. Mama, mtandao gani huo unaokatika kila mtu akitaja jiko la mkaa? Barua haikatwi. Nimempa mama mmoja wa Iringa ninayesali naye, anakuja likizo, ataifikisha kwa Benedikto. Naomba uvae miwani uisome mwenyewe, tena mpaka mwisho.

Benedikto usimgombeze. Ni mdogo wangu, amefanya la mdogo kwa dada yake. Alinipigia Jumapili baada ya misa, sauti yake ya chini kama mtu aliyejificha nyuma ya zizi, na kumbe kweli alikuwa nyuma ya zizi.

"Dada," akasema, "mama analala na jiko chumbani. Analiweka karibu na kitanda, anafunga mlango. Tena ameziba matundu."

"Matundu yapi?"

"Yale ya juu ya dirisha, ya baba. Moja kaziba kwa gunia. Jingine kaziba kwa lile sweta lako la shule."

Nilicheka, Mama. Lile sweta la kijani! Nilidhani lilishakuwa dekio zamani. Nikaona kiwiko chake kilichotoboka, na ile shingo uliyoishona kwa uzi mweusi kwa sababu wa kijani ulikuwa umeisha. Nilicheka mpaka Benedikto akaudhika. Nilipokata simu nikakaa kwenye kiti cha jikoni, nikalia mpaka Tekla akaja kuniuliza kwa Kiswidi kama nimeumia. Nikamwambia hapana. Nilimdanganya.

Sasa nataka nikusimulie jambo la kazini. Lilitokea wakati wa baridi na sikukuambia kwa sababu lilikuwa la aibu. Nisome taratibu, ndani yake mna jiko lako.

Unajua niliacha kusafisha ofisi za Kista, nikasoma ufundi bomba. Najua pia kwamba Jumuiya nzima bado unaiambia nafanya kazi ofisini. Sawa, waambie, mradi mbele ya Mungu unasema fundi. Ninafanya kazi na Mzee Bahati, Mkongo wa Bukavu, mtu mzima mwenye mvi na mgongo mbovu. Yeye ndiye fundi mkubwa, mimi wa pili wake. Kiswahili chake kinapanda milima yake na changu kinapanda ya Njombe, tunakutana bondeni. Siku ya kwanza aliposikia jina langu aliweka chini koleo akacheka. Skola, kwa Kiswidi, ni shule. Kila nyumba tunayoingia nikijitambulisha watu wanadhani nimetumwa na shule kuja kulalamika juu ya mtoto wao.

Nyumba nyingi hapa hupata joto kwa maji ya moto ya mji au kwa mashine za umeme. Za gesi ni chache. Mwezi wa Januari tukapata mojawapo, ya bibi mmoja mjane anayeitwa Gunilla, anayekaa peke yake kwenye nyumba ya zamani, mwendo wa basi kutoka hapa kwetu. Ana tangi la gesi uani, na boila yake ya zamani, mashine inayopasha nyumba joto, ilikuwa imechoka. Tukaenda kumfungia mpya, ile isiyopoteza kitu.

Nikueleze hiyo mashine, maana ni kiumbe cha ajabu. Ina mabomba mawili ya plastiki yanayotoboa ukuta kutokea nje. Moja linavuta hewa safi kutoka nje, jingine linatoa moshi. Mashine haigusi hata kidogo hewa ya chumbani. Na ni bahili: inaunyonya moshi joto lake lote mpaka moshi wenyewe unapoa na kulowa, ndiyo maana bomba la plastiki linatosha. Nilipoisikia mara ya kwanza nilisema huyu atakuwa ndugu yake marehemu mjomba Kalisti, aliyekuwa anakamua hata majani ya chai. Lakini moshi uliolowa hutiririsha maji ndani ya bomba, na hayo maji lazima yawe na pa kwenda.

Siku ile theluji ilikuwa inaanguka na jua lilikuwa linatuaga mapema kama kawaida ya Januari. Mzee Bahati alikuwa chini, kwenye chumba cha mashine. Mimi nilikuwa nje kwenye ngazi, natengeneza lile bomba la moshi na kulikaza kwenye vishikio. Tulikuwa tunapigiana kelele kupitia tundu la ukuta.

"Skola!" akaita. "Fanya bomba ishuke kwetu!"

"Kwetu?"

"Ndiyo, kwetu! Ishuke kidogo tu!"

Mama, mimi nikasikia kwetu. Nikamsikia baba. Unamkumbuka alipokuwa anajenga kile chumba chenu, mimi ndiye nilikuwa nashika kamba na pimamaji. Alikuwa anasema kila kinachotoka nyumbani, kiwe bomba, kiwe mfereji, kiwe ukingo wa dirisha, kiangalie nje. Nyumba inayorudisha maji ndani ni nyumba ya mvivu. Nikasema basi, hata kwa Wakongo ni hivyohivyo, mzee anataka nifanye kama tunavyofanya kwetu. Nikaweka pimamaji juu ya bomba, nikaliinamisha lishuke kwenda nje, safi kabisa, baba angenipa mkono. Nikalikaza. Mzee alikuwa na haraka, mgongo unamuuma, hakutoka nje kuangalia. Tukawasha, ikawaka, nyumba ikapata joto. Bibi Gunilla akatupa kahawa na mikate ya mdalasini, tukaondoka tumejaa sifa.

Wiki haikuisha. Baridi ikakaza, ile ya kukausha puani, na asubuhi Bibi Gunilla akapiga simu kwamba mashine imezimika na haitaki kuwaka. Tukamkuta jikoni kavaa koti, kofia na glavu, kafungua mlango wa oveni ya umeme na kukaa mbele yake. Alikuwa anatetemeka lakini alituomba radhi yeye, eti ametusumbua. Nilitamani sakafu ipasuke.

Mzee akazunguka nyuma ya nyumba. Nikasikia jina langu.

"Skola! Kuja uone."

Mdomo wa bomba ulikuwa umeota barafu. Maji ya moshi yalikuwa yametiririka kwenda nje kama nilivyoyaelekeza, yakaganda tone juu ya tone, mpaka bomba likaziba kabisa.

"Nani alikuambiaka bomba iangalie inje?" Mzee akaniuliza.

"Wewe! Ulisema ishuke kwetu."

"Kwetu! Kwetu huku ndani, ku mashini, hapa fasi nilikuwa miye! Maji irudilie ku mashini, pale iko na njia yake ya kutokea. Weye ulisikia kwetu wapi?"

"Njombe," nikasema.

Akanitazama. Nilidhani atanifokea, na ningestahili. Mzee akakaa juu ya kisanduku cha vifaa pale kwenye theluji, akacheka mpaka akashika mgongo. "Voilà," akasema, "hata miye, wakisema kwetu, nasikiaka Bukavu." Kisha akaacha kucheka. Tukakaa pale kidogo, watu wazima wawili na bomba la barafu. Miaka yote tuliyofanya kazi pamoja sijawahi kumwona amekaa bila kushika kitu mkononi.

Tukafungua vishikio vyote tukaliweka upya bomba, safari hii likishuka kuelekea ndani. Mkono wangu uliona vibaya, Mama. Niliweka pimamaji nikaona tone la hewa limekimbilia upande wa nje, nikajihisi namkosea baba adabu. Lakini ndivyo inavyotakiwa. Moshi unakwenda zake nje, maji yanarudi nyumbani.

Sasa fika hapa, hapa ndipo nilipotaka ufike. Bibi Gunilla alikuwa amenuna. Alimwambia Mzee kwamba mashine ile ni mbovu, jambo dogo kama barafu limeizima, ya zamani isingezimika. Mzee akamjibu kwa Kiswidi chake cha polepole: "Mama, si mbovu. Ilinyimwa pumzi ikajizima yenyewe. Imekataa kukuua."

Wakati ule niliyaona ni maneno ya fundi anayejitetea. Nilijua pia ananifichia kosa langu, nikamshukuru. Jumapili Benedikto aliposema jiko, mlango, matundu, maneno hayo yakanirudia, na safari hii hayakunifurahisha. Jiko la mkaa halijizimi, Mama. Linanyimwa pumzi na bado linawaka. Linakula hewa iliyomo chumbani, halafu linaigeukia ya kwako.

Najua utakachosema. Utasema mkaa ukishaiva hauna moshi, wewe si mtoto, unaupepea nje mpaka uwe mwekundu ndipo unauingiza ndani. Hapo ndipo penye hatari. Ule moshi unaouma macho ni rafiki, unakufukuza chumbani. Kinachoua hakionekani wala hakinuki. Kinakupa kichwa kizito na usingizi mtamu, unadhani ni joto limekukolea. Benedikto anasema siku hizi unaamka kichwa kinauma na unasema ni uzee. Mama, tangu lini uzee ukamsubiri mtu chumbani, akitoka nje unamwacha?

Mkumbuke yule mwalimu na mke wake, waliopanga kwa katekista. Mlikwenda wote kuwazika, wewe ndiye uliyeongoza nyimbo. Mji mzima ulisema wamerogwa, kwa kuwa hawakuwa na jeraha, walilala tu. Mtu aliyevunja mlango alisema jiko lilikuwa karibu na kitanda na limekwisha kuwa jivu. Ukaniambia mwenyewe kwenye simu, "Jiko lenyewe lilikuwa limezimika, halikuwa na moshi wowote." Nami sikukujibu kitu, kwa sababu wakati ule nilikuwa nafagia ofisi na sikujua. Sasa najua. Hakuna aliyewaroga.

Na yale matundu, Mama, baba hakuyasahau kuyaziba. Aliyaacha. Mimi nilikuwa chini nashika ndoo ya udongo, nikamuuliza mbona anaacha mashimo kwenye nyumba mpya, akasema ukuta nao una pua. Miaka mingi nimeyapita yale maneno kama utani. Leo natoboa kuta za watu wa Ulaya ili mashine zao zivute pumzi, kisha nasikia pua ya nyumba yetu imezibwa na sweta langu. Hapo nifanye nini, nicheke au nilie? Nimeshafanya yote mawili.

Ningekuja mwenyewe. Kama ningeweza ningekuja wiki hii, nilale nawe kitanda kimoja kama zamani, mgongo wako mgongoni kwangu, na jiko tulitupe nje. Lakini karatasi zangu za ukaazi ziko ofisini zinasubiri kufanywa upya, na mpaka zitoke nikivuka mpaka naweza nisirudi kwa Tekla na kazi. Naombea zitoke kabla ya Krismasi. Mama, nimekukumbuka mpaka imekuwa ugonjwa. Kuna siku nashuka treni hapa Jakobsberg, namwona mama mmoja wa Kihabeshi kajifunga kitenge kiunoni juu ya koti, anatembea kwa kuvuta mguu wa kushoto. Namfuata kidogo. Ninajua si wewe na bado namfuata, halafu nageuka nakwenda nyumbani.

Tekla ananiuliza kama mormor, yaani mama wa mama, anasikia baridi huko Afrika. Mwalimu wake amemwambia Afrika ni joto. Nimemwambia mwalimu huyo apande basi la Njombe mwezi wa Juni, tuone. Amekuchorea picha, imo humu kwenye bahasha: ni wewe, na nyumba, na juu ya dirisha kuna matundu mawili. Niliposimulia habari yako alikuwa ananisikiliza kumbe. Ameyachora makubwa kuliko mlango.

Basi nakuomba, nami naomba nimepiga magoti. Jiko ulitumie jioni mlango ukiwa wazi, lipashe moto chumba kizima, halafu kabla hujapanda kitandani Benedikto alitoe nje. Si mlangoni, nje kabisa. Nimempa huyo mama wa Iringa blanketi mbili nzito na mfuko wa mpira wa kujaza maji ya moto, uuweke miguuni. Huo ukijazwa vizuri unafika asubuhi. Gunia litoe tunduni, likarudie kazi yake ya viazi.

Na lile sweta pia litoe. Lifue kwa sabuni ya kipande kama ulivyozoea, lianike, kisha ulivae. Benedikto amenitumia picha yako ya Pasaka, umekonda, litakutosha. Ulilinunua mimi nisisikie baridi, ukabaki na kanga mabegani miaka yote ile ukisema wewe huwa husikii. Nilikuamini. Sasa ni zamu yako, na mimi ndiye ninayekuvisha.

Nisalimie Benedikto, na umwambie asijifiche tena nyuma ya zizi, aongee kama mwanamume mwenye nyumba. Nisalimie wifi yangu, mke wake, ninamwachia kazi ya kuchungulia matundu kila jioni, na simwogopi mama mkwe wake kwa niaba yake. Nisalimie shangazi, dada wa marehemu baba, mwambie nimepata ile dawa yake ya macho. Nisalimie mama yangu wa ubatizo, na katekista, na umwombe akumbushe watu habari ya majiko baada ya misa, bila kuwataja yule mwalimu na mke wake. Mzee Bahati naye anakusalimu. Anasema mtoto wako ni fundi mzuri, shida yake ni masikio, kila akisikia kwetu anasikia mbali.

Ana haki ya kusema. Kila kitu changu kimeinama kuelekea huko, hata nikikikaza vipi. Ukishatoa sweta, mwambie Benedikto anipigie aniambie neno moja tu: wazi. Sitauliza lingine. Tundu hilo litaleta baridi, najua, na utanung'unika, nung'unika. Karatasi zikitoka nitakuja, nitasimama kwenye ule mlango wa bati nipige hodi. Nataka uniitikie wewe, mwenye nyumba, si majirani.

Ni mimi mtoto wako wa kwanza,
Skola